Mkono Usiofichwa

Mwezi huu twataka kujifunza juu ya watu wenye kilema kinachoonekana, na kazi ya kusema mbele ya watu wengi. Mifano yetu twaitoa Uingereza, katika kazi ya utangazaji, lakini mafundisho yake yatatufikia hata huku kwetu.

Yuko mwanamke aitwaye Cerrie Burnell, aliyezaliwa mwaka 1979. Tangu kuzaliwa, mkono wake wa kuume hukoma chini kidogo ya kiwiko. Alipokuwa mtoto wakubwa walimtaka avae mkono wa bandia, naye akaukataa. Alijifunza uigizaji huko Manchester, kisha mwaka 2009 akawekwa na BBC kuwa mtangazaji wa CBeebies, yaani matangazo ya televisheni kwa watoto wadogo.

Mara wazazi wengine wakalalamika, wakisema mkono ule utawatisha watoto. Baba mmoja alinena kwamba atamkataza binti yake kutazama, asije akaota ndoto mbaya. Lakini BBC haikumwondoa. Yeye naye hakujibu kwa hasira. Alisema ni vema wazazi wapate nafasi ya kuzungumza na watoto wao juu ya jambo hili. Akaendelea na kazi yake hata mwaka 2017, tena akatunga vitabu vya watoto.

Tuangalie hapa: ni nani waliolalamika? Si watoto. Mtoto mdogo huuliza, "Mkono wako umekuwaje?" Akijibiwa, "Nilizaliwa hivi," huridhika, akarudi mchezoni. Mwenye kuona haya ni mtu mzima, naye humrithisha mtoto haya hiyo amwambiapo, "Nyamaza, usitazame."

Mfano wa pili ni Ade Adepitan, aliyezaliwa Lagos mwaka 1973. Akiwa mtoto mchanga alipatwa na ugonjwa wa polio, na baadaye wazazi wake wakamchukua London. Alicheza mpira wa kikapu katika kiti cha magurudumu, akapata medali ya shaba Athens mwaka 2004, kisha akawa mtangazaji anayejulikana sana. Mwaka 2012 alikuwa miongoni mwa watangazaji wa Channel 4 katika michezo ya Paralympics iliyofanyika London. Channel 4 haikungoja watu wenye vilema waje kubisha mlangoni; iliwatafuta mapema, ikawafundisha kazi kabla ya siku yenyewe. Ndipo tunapojua kwamba bidii ya mtu haitoshi, ikiwa mlango umefungwa kwa ndani.

Nasi yatupasa kuungama. Katika usharika mmoja tuliouchunga alikuwako kijana mwenye mguu uliopooza, aliyesoma vizuri kuliko wenzake wote. Ilipofika Krismasi tulimpa mwingine somo, tukisema moyoni ya kuwa twamhurumia, asihangaike kupanda ngazi mbele ya watu. Hatukumwuliza. Ngazi zenyewe zilikuwa tatu tu. Angaliweza kupanda polepole, au kusomea chini, na sauti yake ingalifika hata mlangoni. Baadaye tulitambua kwamba hatukumlinda yeye; tuliyalinda macho yetu. Mwaka uliofuata tulipomwomba asome, alikataa kwa adabu, wala hakusoma tena. Jambo hilo hutuuma hata leo.

Basi, ninyi walimu na wazee, fikirini maswali haya pamoja na watu wenu:

1. Je, yuko katika usharika wetu mtu mwenye kipawa cha kusoma, kuimba au kufundisha, ambaye tumemwacha nyuma kwa sababu ya mwili wake?

2. Je, tulimwuliza mwenyewe, au tuliamua kwa niaba yake tukaita huruma?

3. Ni kizuizi gani, ngazi au kiti au desturi, tuwezacho kukiondoa kabla ya mwezi kwisha?

Msijibu upesi. Kwanza mwendeeni mtu huyo nyumbani kwake, mkamsikilize.