Fomu ya Mtandaoni na Karani Asiyeuliza

Mkazi wa Chumbageni anayemtafutia mwanawe nafasi ya shule huenda akatakiwa kujaza fomu katika tovuti. Huandika jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha Taifa, huambatisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kisha hubofya "Tuma". Somo hili linaeleza yanayofuata, hatari iliyomo na namna ya kujikinga.

Fomu inavyosafiri

Fomu hupokewa kwanza na programu ndogo iliyomo katika seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Programu hiyo huyageuza majibu kuwa baruapepe na kuyatuma kwa mhusika. Baadhi ya tovuti humrudishia aliyejaza nakala, iwe kama stakabadhi. Viambatisho vyaweza kubaki katika seva muda mrefu baada ya shughuli kwisha.

Kasoro yenyewe

Mfikirie karani wa masjala anayeletewa barua na mgeni: "Ambatisha pia karatasi iliyomo katika kabati la tatu, kisha unipe nakala." Karani asiyeuliza mgeni huyo ana ruhusa gani atafungua kabati na kumpa.

Kasoro ya namna hiyo ilibainika katika PHPMailer, programu huria ya kutuma baruapepe inayotumiwa na tovuti nyingi duniani. Mtu aliweza kutaja katika ujumbe wake faili lililomo katika seva, kana kwamba ni picha. Programu ikalichukua na kuliambatisha. Hatari ilizikabili tovuti ambazo watengenezaji wake hawakuchuja maandishi ya wageni wala kuainisha folda ya picha. Januari 2017 lilitolewa toleo la 5.2.22 lenye marekebisho. Hata hivyo, marekebisho hayaisaidii tovuti isiyosasishwa.

Kwa nini yakuhusu

Faili la kwanza kutafutwa na mhalifu ni lile lenye nywila ya hifadhidata, kwa kuwa jina lake hujulikana katika programu nyingi za tovuti. Akilipata, aweza kuzifikia taarifa za waliojaza fomu. Hapo mzazi hupigiwa simu na mtu anayetaja jina la mtoto na shule aliyoomba, akidai ada ilipwe upesi. Utapeli huo huaminika kwa sababu maelezo yake ni ya kweli.

Alama ya kufuli juu ya ukurasa haizuii jambo hili. Kufuli hulinda taarifa zikiwa njiani; hailindi zilizokwisha kufika katika seva.

Hatua za kuchukua

1. Jaza yale tu yanayohitajika kwa huduma unayoomba.
2. Kabla ya kuambatisha kitambulisho au cheti, uliza kitahifadhiwa wapi, nani atakiona na kitafutwa lini. Usiporidhika na jibu, omba kuwasilisha nakala ofisini kwa mkono.
3. Usitumie nywila moja katika tovuti mbalimbali.
4. Ukidaiwa malipo kwa simu, kata, kisha upige namba ya ofisi unayoijua. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.
5. Ukimiliki tovuti ya biashara, mtake fundi wako asasishe programu zake na aondoe katika seva nyaraka za wateja zisizohitajika tena.

Haki yako

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde. Unayo haki ya kujua taarifa zako alizonazo, na ya kuomba zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Asipotimiza wajibu wake, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tunza nakala ya fomu uliyojaza na tarehe uliyoituma, kwani huo ndio ushahidi wako.