Kukoma Hedhi na Mafuta ya CBD

Mama mmoja wa miaka 51 alikuwa akiamka usiku amelowa jasho. Alitupa blanketi, akafungua dirisha, na mumewe akimgusa alisogea pembeni. Baba akahamia chumba cha watoto, akidhani hapendwi tena. Mama naye akaanza kunywa kwa siri matone ya mafuta ya CBD aliyopewa na rafiki yake.

Hali hiyo si kiburi, wala si uchawi kama wengine wanavyonong'ona. Homoni ya estrojeni hupungua, na ubongo hushindwa kupima vizuri joto la mwili. Hedhi ikikosekana miezi 12 mfululizo, tunasema imekoma, lakini vipindi vya joto la ghafla vyaweza kuendelea miaka saba au zaidi. Uke nao hukauka na tendo la ndoa huuma. Mume asiyeelezwa haya atafikiri amekataliwa.

Je, mafuta yale yanasaidia? CBD hutolewa katika mmea wa bangi, ingawa yenyewe hailevyi kama THC. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD kwa aina chache za kifafa kikali. Hiyo ni kwa kifafa, si kwa hedhi. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kilishauri kwamba dawa za jamii hii zisitumiwe kwa joto la ghafla, kwani ushahidi hautoshi. Tena chupa hazisemi kweli daima. Mwaka 2017 wachunguzi walipima bidhaa 84 zilizouzwa kwenye mtandao. 26 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikuwa na THC. CBD yaweza kudhuru ini na kuongeza nguvu ya dawa nyingine, kama warfarini ya kuzuia damu kuganda. Na tusisahau kwamba hapa Kenya sheria ya mwaka 1994 inakataza bangi, hata kama jamaa wa ng'ambo huinunua dukani.

Msaada upo. Daktari aweza kutoa homoni, baada ya kuuliza habari za saratani ya matiti na damu kuganda, au dawa zisizo za homoni. Kwa ukavu ipo krimu ya estrojeni. Wakatoliki wengine huogopa homoni wakizifananisha na vidonge vya kupanga uzazi. Lakini Papa Paulo VI, katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, alieleza kwamba Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kwa mwili.

Yule mama hatimaye alikwenda kliniki, na mumewe akamsindikiza. Daktari alipouliza dawa anazotumia, akatoa chupa mkobani. Ndipo baba alipoiona kwa mara ya kwanza.

Swali la kuzungumza nyumbani: Mume, kabla ya kulala leo, mwulize mkeo, "Wiki hii umeamka na jasho mara ngapi nami sikujua?" Kisha usikilize bila kumkatiza.