Ukungu ukutani: Mwite fundi anayejua ujenzi kabla ya kununua rangi nyingine



Kabla hujaendelea kusoma, nenda chumbani, vuta kabati kidogo kutoka ukutani, kisha angalia nyuma yake. Ukiona madoa meusi au ya kijani yaliyotapakaa kama vumbi la mkaa, na ukasikia harufu kama ya nguo iliyofungiwa ikiwa mbichi, huo ni ukungu. Wengine huuita kuvu, wengine fangasi wa ukutani. Ndio mada yetu ya leo.

Nianze na kisa changu, maana tabibu naye hupitiwa. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga vyumba viwili Dar es Salaam. Mtoto wetu wa pili, akiwa na umri wa miaka 3, alianza kukohoa usiku huku kifua kikitoa mlio kama filimbi. Mchana anacheza na wenzake, usiku anakaa kitako akitafuta pumzi. Nilimpa dawa, akapata nafuu, kisha hali ikarudi. Ukuta wa upande wa kitanda chake ulikuwa na doa. Mwenye nyumba akaleta mpaka rangi. Baada ya miezi miwili doa likarudi. Akamleta tena. Mara ya tatu nikalipa mimi mwenyewe. Rangi mara 3, doa mara 3, na mtoto anazidi kubanwa.

Siku moja mzee tunayeswali naye, fundi mwashi wa miaka mingi, alikuja kumjulia hali mtoto. Hakuugusa ukuta. Aliuliza kwanza, "Doa hili huzidi wakati wa mvua tu, au hata kiangazi lipo?" Mama watoto akajibu, "Hata kiangazi lipo, mzee." Akasema, "Basi si paa hilo." Akazunguka nyuma. Upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na bafu la jirani, sakafu yake imepasuka pembeni, na maji ya kuoga ya familia nzima yalikuwa yakiingia kwenye tofali kila siku. Ufa ukazibwa, lipu iliyooza ikabanduliwa, ukuta ukaachwa wiki kadhaa ukauke, ndipo ukapakwa rangi. Doa halikurudi. Mtoto bado ana pumu na dawa yake ya kuvuta ipo, lakini usiku analala, Alhamdulillah.

UKUNGU UNADHURU VIPI?

Mbegu za ukungu ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, na zimo hewani kila mahali. Hakuna nyumba isiyo nazo. Zinachohitaji ili ziote ni maji. Chakula zinakipata kwenye vumbi, mbao, karatasi, nguo, zulia na dari ya jipsamu. Kitu kikilowa na kikakaa bila kukauka kwa saa 24 hadi 48, ukungu unaweza kuanza kuota.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani. Mwongozo huo unaeleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na kikohozi, kifua kutoa mlio, maambukizi ya njia ya hewa na pumu. Wanaoumia zaidi ni wenye pumu, wenye mzio, watoto wachanga, wazee na wale ambao kinga ya mwili imeshuka. Rangi ya ukungu si kipimo cha ubaya wake. Uwe mweusi, wa kijani au mweupe, dawa yake ni moja: ondoa ukungu, na uondoe maji yanayoulisha.

MAJI YANATOKA WAPI?

Hapa ndipo anapohitajika mtu anayejua nyumba inavyojengwa. Kwa kawaida maji huingia kwa njia nne, na kila njia ina alama zake.

Ya kwanza ni kutoka juu. Bati limetoboka, misumari imelegea au gata limeziba. Doa huanza darini au juu ya ukuta, na huzidi wakati wa masika.

Ya pili ni kutoka chini. Ukuta hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Doa huanzia sakafuni, likapanda mpaka kama mita 1, na lipu hutoa unga mweupe. Unga huo ni chumvi, si ukungu. Ukiutia kwenye maji unayeyuka. Sababu kubwa ni kukosekana kwa tabaka la nailoni au lami juu ya msingi, au udongo wa nje kupandishwa mpaka ukalifunika. Tabaka hilo linatakiwa liwe walau sentimita 15 juu ya ardhi. Mchanga wenye chumvi ya bahari nao huzidisha tatizo, kwani chumvi huvuta unyevu.

Ya tatu ni kutoka ndani ya ukuta au ubavuni, yaani bomba linalovuja, bafu, karo au shimo la maji taka lililo karibu mno. Alama yake ni kwamba doa halijui kiangazi wala masika.

Ya nne ni hewa yenyewe. Chumba hakina dirisha la kupitisha upepo, tunapika humo, tunaanika nguo humo, kabati limebandikwa ukutani. Mvuke hukosa pa kutokea, ukaganda kwenye sehemu yenye baridi.

Kipo kipimo rahisi cha kutenganisha njia hii ya nne na zile nyingine. Futa ukuta ukauke juu, kisha bandika kipande cha nailoni angavu, uzibe pande zote kwa gundi ya karatasi kwa siku 1 hadi 2. Majimaji yakionekana upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya chumba. Yakionekana upande ulioshika ukuta, maji yamo ndani ya ukuta, na hapo umhitaji fundi.

FUNDI GANI?

Huko Marekani ipo kazi maalumu ya ukaguzi wa ukungu. Majimbo kama Texas na Florida huitolea leseni, na kwa kawaida sheria zao hazimruhusu anayekagua kuwa ndiye pia anayelipwa kuondoa ukungu katika nyumba ile ile. Sababu iko wazi: anayelipwa kwa kazi kubwa anaweza kuiona kubwa hata kama ni ndogo.

Huku kwetu fani hiyo haijulikani sana, lakini watu wa kukusaidia wapo. Kwa nyumba ya kawaida, mtafute fundi mwashi mzoefu au aliyehitimu VETA, au fundi sanifu wa majengo. Kwa ghorofa au nyumba yenye nyufa kubwa, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bwana afya wa eneo lako naye anaweza kuangalia mazingira ya choo na maji taka. Fundi rangi peke yake hatoshi, kwani ujuzi wake unaanzia pale ukuta ulipokwisha kuwa mkavu.

Wanaokaa nyumba za kale za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Bagamoyo, wawe waangalifu zaidi. Ukuta wa chokaa unapumua. Fundi asiyezijua nyumba hizo hupiga lipu ya saruji juu yake, unyevu ukafungiwa ndani, na baada ya muda ukuta ukaanza kumeguka.

Kabla hujakubaliana bei, mwulize fundi haya:

1. Maji haya yanatoka wapi, na umejuaje?
2. Umepanda kuangalia paa? Umezunguka nje na upande wa jirani?
3. Nini kizibwe, nini kibanduliwe, na ukuta ukae muda gani kabla ya rangi?
4. Kama ndani ya miezi 6 doa litarudi, tutaelewana vipi?

Akikutajia idadi ya makopo ya rangi kabla ya kukutajia maji yanakotoka, mshukuru na umwage kwa wema. Akieleza vizuri, andikeni makubaliano mbele ya shahidi. Na ukiweza, mkaguzi awe mmoja na mtengenezaji awe mwingine.

UNAYOWEZA KUFANYA MWENYEWE

Ukungu usiozidi eneo la mita 1 kwa 1 unaweza kuusafisha. Vaa glavu na uzibe pua na mdomo kwa barakoa, fungua madirisha, watoto na mwenye pumu watoke. Sugua kwa maji na sabuni, kisha kausha kabisa. Usiufagie ukiwa mkavu, utazirusha mbegu hewani. Usichanganye dawa ya madoa ya klorini na dawa ya choo yenye tindikali wala yenye amonia, hutoka hewa ya sumu. Dari ya jipsamu, godoro au zulia vikishaota ukungu ndani, ni bora kuvitoa. Mswala nao uanikwe juani, usikunjwe ukiwa na majimaji.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Tulisoma madrasa kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwa muuza nafaka. Akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamkemea kwa kutouweka ule uliolowa juu ili watu wauone, na akaonya vikali juu ya udanganyifu. Ndugu yangu, kupaka rangi juu ya ukuta uliooza ili mpangaji alipe kodi ya miezi 6 mbele, kunatofauti gani na lundo lile? Mpangaji naye atoe taarifa mapema, asisubiri mpaka dari ianguke.

LINI UENDE HOSPITALI?

Usilitupie doa la ukuta kila kikohozi. Kikohozi kilichofikisha wiki 2 kichunguzwe kifua kikuu. Mtoto anayepumua kwa kasi, mbavu zikiingia ndani, asiyeweza kunywa au midomo ikibadilika rangi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye pumu asiache dawa zake kwa sababu ukuta umetengenezwa. Na mwambieni tabibu kuhusu nyumba mnayoishi. Mimi niliwauliza wagonjwa wengi kuhusu chakula na dawa, nikasahau kuuliza ukuta wa chumbani kwangu.

Basi leo usiku, kabla ya kulala, vuta lile kabati.

Wabillahi tawfiq.