Tajeni Kosa Kwanza, Kisha Msali

Mmegombana, na sasa mnataka kusali pamoja kabla ya kulala. Vizuri, ila litajeni kosa kwanza.

"Nisamehe kwa yote" haimsaidii mtu. Sema hivi: "Laki mbili za ada nilimpa mdogo wangu bila kukwambia. Nimekosa. Mwisho wa mwezi nitazirudisha." Kisha nyamaza. Ukiongeza tu "lakini na wewe...", umeharibu kila kitu.

Kama wewe ndiye uliyekosewa, usiseme yameisha wakati moyo bado unachemka. Mwambie, "Nimekusikia, ila bado naumia. Tuongee kesho jioni." Na hiyo kesho muongee kweli.

Ukishasamehe, la ada lisifufuke siku mnabishania chumvi ya mchuzi. Kuomba risiti ya ada muhula ujao ni ruksa. Msamaha unatolewa leo. Kuaminiana kunarudi polepole, na mkosaji asinune akiulizwa.

Kwenye sala, jiombee wewe. "Ee Mungu, mwondolee mume wangu kiburi", tena kwa sauti na mwenyewe amekaa pembeni, hayo ni mashtaka.

Asubuhi rudini kwenye maisha ya kawaida. Mchemshie chai. Mchana mpigie umuulize kama amekula. Furaha ya nyumba inarudi kupitia vitu vidogo kama hivi.

Msipeleke ugomvi kwenye grupu la WhatsApp la familia. Mathayo 18 inaanza na faragha: mkosewa amwendee mkosaji, wawe wawili tu. Ikishindikana ndipo aitwe mtu mwingine. Qur'ani nayo, An-Nisaa aya ya 35, inaelekeza msuluhishi mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke. Kubalianeni mapema wasuluhishi wenu watakuwa nani, mkiwa na amani: shangazi mwenye kifua, mjomba asiyependelea. Wakristo, wasimamizi wenu wa ndoa hawakuwekwa kwa ajili ya picha tu. Ila mama yako peke yake atakuwa wakili wako, hata akijitahidi vipi.

Kipigo usikiingize kwenye hesabu hii. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Akitokea wa kukwambia "vumilia, mwachie Mungu", wewe ondoka. Tafuta mahali salama, kisha nenda Dawati la Jinsia, kituo cha polisi. Maombi utaendelea nayo ukiwa salama.