Mnara wa simu jirani na nyumba: tuogope nini?



Mama mmoja wa hapa Kibaoni, Ifakara, alimleta mwanawe zahanati akiwa na homa ya siku nne. Nilipomuuliza mbona amechelewa, alijibu: "Tabibu, tulijua ni mionzi ya ule mnara." Kipimo kilionyesha malaria. Alhamdulillah mtoto alipona, lakini siku nne ni nyingi mno.

Dini inatutaka tuhakiki habari kabla ya kuifuata. Basi tuuhakiki mnara.

Mawimbi ya mnara wa simu ni ya jamii moja na ya redio na televisheni. Hayana nguvu ya kuvunjavunja chembe za mwili kama mionzi ya eksirei. Antena ziko juu, na humulika mbele kama kurunzi, si chini ya mnara. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu hubaki robo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa vipimo katika maeneo ya watu vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na 2 tu ya kiwango kinachoruhusiwa kimataifa.

Je, saratani? Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa shirika hilo waliyaweka mawimbi hayo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Kundi hilo limo pia achari ya mboga ya Asia. Maana yake ushahidi ni mdogo, haijathibitika. Tena simu iliyo sikioni hukupa mawimbi mengi kuliko mnara, na mtandao ukiwa hafifu hutumia nguvu zaidi.

Hata hivyo, jirani ana haki zake. Kama mnara una jenereta, moshi huumiza kifua, kelele hunyima usingizi, na dizeli ikimwagika huweza kuingia kisimani. Uzio nao uwe imara, watoto wasiingie wakapanda.

Kwa hiyo, kabla ujenzi haujaanza, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mwombe kuona vibali, kikiwemo cha mazingira. Mkitaka mionzi ipimwe, kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Lakini mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Shauri la mnara linaweza kungoja kikao. Homa ya mtoto haingoji.