Somo: Mto Nao ni Jirani
Someni: Yeremia 29:4-7

Mvua ikinyesha Nyarutarama, hapa Kigali, maji hubeba udongo na taka hadi bondeni, huingia Nyabugogo, kisha Nyabarongo, Akagera, Ziwa Victoria, hata Nile. Tunachotupa sisi, mwenzetu wa chini hukikuta majini.

Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, wananchi hufanya umuganda: huzibua mitaro, hupanda miti.

Wengine husema, "Sisi ni wageni, tutarudi kwetu." Waisraeli kule Babeli nao walitamani kurudi, hata hivyo Mungu aliwaagiza wautakie mema mji ule. Basi tutoke na majembe.

Swali: Maji machafu ya nyumbani kwako huenda wapi?