Hewa Igeukayo Jiwe

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani walijua jambo moja: mzigo hauishi kwa kuhamishwa bega, sharti utuliwe mahali imara. Leo dunia nzima inao mzigo wa namna hiyo, nao ni hewa ya ukaa, itokayo katika kuni, mkaa, petroli na makaa ya mawe yanapoungua. Ikizidi angani huzuia joto lisitoke duniani. Je, tuutue wapi?

Wataalamu wanajibu: katika mwamba wa volkano. Hewa hiyo huyeyushwa katika maji, kama ilivyo ndani ya chupa ya soda, na maji huwa makali. Yakisukumwa chini katika mwamba mweusi uitwao bazalti, huula mwamba na kutoa kalsiamu na madini mengine. Madini hayo hushikana na hewa ya ukaa, vikawa jiwe jipya, jamaa ya mawe ya chokaa. Jambo hili lilijaribiwa Aisilandi mwaka 2012. Na mwaka 2016 ilitangazwa kwamba zaidi ya sehemu 95 katika 100 za hewa ile ziligeuka jiwe kwa muda usiozidi miaka miwili. Hata jirani zetu wa Kenya wameshika njia hiyo: kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, imeungana na Cella ili kuinasa hewa hiyo na kuizika katika miamba ya Bonde la Ufa.

Lakini tusidanganyike. Huko Aisilandi kila tani ya hewa ilihitaji tani 25 hivi za maji. Tena si kila jiwe lafaa: Tabora imekaa juu ya itale, jiwe lenye kalsiamu haba. Ghala letu sisi ni miti ya miyombo, inywayo hewa hiyo bila mtambo. Mti ukatwao na kuchomwa mkaa huurudisha angani mzigo uliokwisha kutuliwa.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tusiseme, “Wenye bazalti watatubebea.” Akataye mti na apande mwingine na kuutunza, apikaye na atafute jiko lisilokula mkaa mwingi. Mwamba utasaidia, ila mzigo usioongezwa ndio mwepesi kuliko yote.